Usifiche kodi ya programu yako mpaka iive: niliyojifunza nikitengeneza apu ya mradi huria nikiwa chuo Dodoma

Mdogo wangu mmoja yuko mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Dodoma kaniandikia juzi usiku, dada naomba unielekeze, nimepata mradi wa programu huria (ile ambayo kodi yake, yani maandishi yanayoiendesha, iko wazi yeyote aisome na kuibadilisha) wanataka mtu wa kuwasaidia apu yao ya Android, nimeshaanza ila naona aibu kuwaonyesha, ngoja nimalize kwanza. Nilivyofika hapo kwenye "ngoja nimalize kwanza" nikakaa kitandani kabisa, kwasababu hilo neno mimi lilinigharimu wiki 6. Nikaanza kumjibu kwa voisi nouti, zikawa nyingi mno, nikaona bora niandike na wengine wasome.

Mimi nilikua mwaka wa tatu. Mradi wenyewe ni wa ramani, apu ya simu inayotumia data za OpenStreetMap, ile ramani ya dunia nzima iliyoanza 2004 ambayo mtu yoyote anaruhusiwa kuiongezea kitu. Unapita mahali unaona kisima au zahanati haipo kwenye ramani, unagonga kwenye simu unaandika, imeingia. Shida apu ilikua inataka mtandao muda wote. Sasa wewe unayeijua Dodoma, ukishaacha lami ukaingia vijiji vya Bahi au Chamwino kuna sehemu simu inakaa masaa haina hata mstari mmoja, na visima tunavyotaka viingie kwenye ramani ndo viko hukohuko. Kwahiyo nikaomba kazi moja: apu ihifadhi mabadiliko kwenye simu, ikikutana na mtandao iyatume yenyewe. Wakakubali, wakanipa menta, yani mtu mzoefu wa mradi wa kunielekeza, nikajifungia.

Wiki 6 sikuandika neno kwenye ripozitori yao, yani pale mtandaoni kodi ya mradi inapokaa. Sio kwamba nilikua nimelala, nilikua nakesha. Lakini kwetu umelelewa kwamba chakula kibichi hakitengwi mbele ya mgeni, na mkubwa humpelekei kazi nusu, alafu na hicho kiingereza cha kuandika mbele ya watu wasiokujua, kila nikitaka kuuliza nafuta. Siku niliyotuma nilikua na mistari zaidi ya 2,000 na niliipenda kazi yangu, kwakweli niliipenda.

Menta alijibu kwa swali moja tu. Aliuliza namba ya toleo naishughulikiaje.

Ntaeleza maana hapa ndo penyewe. Kwenye OpenStreetMap kila kitu kina namba ya toleo. Kisima kikiwekwa mara ya kwanza ni toleo la 1, mtu akigusa chochote kinakua toleo la 2, hivyohivyo kwenda mbele. Ukituma mabadiliko lazima useme umebadilisha toleo la ngapi, kama wewe unalo la 2 na kwenye seva (kompyuta yao inayotunza ramani) limeshafika la 3 seva inakataa, inarudisha jibu la 409, yani kuna mgongano, nenda kaangalie mwenzio kafanya nini. Mimi nilivyokua naliona hilo 409 kwenye majaribio nikadhani ni usumbufu, nikaandika kodi inayochukua namba mpya kutoka kwenye seva dakika ya mwisho na kuibandika kwenye mabadiliko yangu ya zamani. Ikapita vizuri kabisa. Kumbe maana yake mtu akirekebisha kisima kilekile Jumanne, yangu ya Jumatatu iliyokua imekwama kwenye simu ikija kutumwa Alhamisi inafuta kazi yake kimyakimya na hamna atakayejua. Kwenye apu yenye watumiaji wengi hiyo ni kuharibu ramani ya watu.

Na bado. Sehemu ya kuhifadhi data niliyoijengea kila kitu, mchangiaji mwingine alikua ameshaiandika upya mwezi mzima uliopita, kwasababu hakuna aliyejua kuna mtu anaitegemea. Sikuwaambia. Nilitoka nje ya hosteli nikasimama kwenye ule upepo wa Julai, vumbi lote usoni, nikajua karibu yote inaenda kutupwa. Na ilitupwa.

Menta hakunisema vibaya. Alichoniambia ni kwamba namba ya toleo ingeonekana siku ya tatu kama ningeonyesha kodi siku ya tatu. Kwahiyo mdogo wangu fanya hivi, siku unayoandika mistari ya kwanza fungua pul rikwesti (ombi la kodi yako kuingizwa kwenye mradi) na uiweke kama rasimu, GitHub, tovuti ambako miradi mingi inaweka kodi, wana hiyo sehemu tangu 2019, ina maana wote wanaona unafanya nini na hakuna anayetegemea iwe imekamilika. Juu yake andika mistari mitatu: nataka kufanya hiki, nafikiria kupitia njia hii, hapa sina uhakika. Huo mstari wa tatu ndo wenye faida kuliko yote, usiuache. Kiingereza kiwe cha sentensi fupi tu, watu wengi kwenye hii miradi nao sio lugha yao. Na usimuite menta Sir kila mstari, heshima yako wanaiona kwenye kujibu kwa wakati na kusoma walichokuambia, mimi wangu aliniomba nimuite jina lake na mpaka leo naona ugumu lakini nilijikaza.

Kuhusu vifaa, usisubiri bumu (hela ya mkopo wa chuo) litoke ununue laptopu kubwa. Android Studio, programu ya kutengenezea apu za Android, wenyewe wanataka angalau RAM ya 8 GB, yangu ilikua 4. Nikaachana nayo, nikawa naandika kwenye VS Code, kihariri chepesi cha kodi, na kujenga apu kwa amri za Gradle (chombo kinachogeuza kodi kuwa apu) kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, inachukua muda ila inaisha. Emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, usiiguse kabisa, tumia simu yako kwa waya: nenda settingi, kuhusu simu, gonga namba ya muundo mara 7, utafunguliwa sehemu ya wasanidi. Bando je? Ripozitori kubwa ishushe kwa --depth 1 ili usivute historia yote tangu mradi uanze, Gradle iache ishushe maktaba zake mara moja kwa bando la usiku, kuanzia hapo weka --offline. Alafu hiyo simu yako ya bei ndogo iliyojaa ni mali. Wenzetu kwenye mradi waliona kutuma kwa nyuma, yani apu ikiwa haijafunguliwa, kunafanya kazi kwao, kwenye simu yangu mfumo ulikua unaiua apu ukishazima skrini ili kuokoa chaji, nikatuma rekodi ya kosa, ndo tukahamia WorkManager, maktaba ya Android ambayo kazi iliyokatwa inairudia baadae.

Kama unataka kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa watu wanaochangia miradi huria, ipo tangu 2005 na kuanzia 2022 hata asiye mwanafunzi anaomba, alimradi ana miaka 18 na bado ni mgeni kwenye programu huria. Wanalipa kwa awamu baada ya kazi kukaguliwa, katikati na mwishoni, sasa mtu anayeficha kazi mpaka iive akifika ule ukaguzi wa katikati ataonyesha nini? Angalia na kalenda, miezi yao inagongana na UE zetu (mitihani ya mwisho wa muhula) na fildi (mafunzo ya kazini). Mwambie menta tarehe za mitihani kabla hujakubali, asije akazijua siku umepotea.

Mara ya pili kile kipengele nilikiandika kwa vipande vidogo, kila kipande kinaonekana, vingine vilikataliwa asubuhi nikavirekebisha jioni. Kikaingia kwenye apu.

Jumamosi moja nikaenda Bahi kwa ndugu zetu. Ramani nilikua nimeishusha Ijumaa nikiwa mjini. Nikazunguka na mtoto wa shangazi, tukahakiki visima 4 simu haina mtandao kabisa. Kurudi, bodaboda ilivyokaribia lami simu ikatetemeka: vitatu vimetumwa. Cha nne skrini ikaandika kwamba kisima hiki kimebadilishwa na mtu mwingine wakati hukua na mtandao, unataka kuona alichobadilisha? Nikabonyeza ndiyo hapohapo juu ya pikipiki. Alikua ameandika pampu haifanyi kazi. Na mimi asubuhi ileile nilikua nimeipampu kwa mikono yangu nikanywa.

Nikamwambia dereva asimame kidogo.