Tulifunga siku tatu, tukakataa kuku wa bibi wa watu

Swali lenu la wiki hii, "Kabla ya safari ya misheni unajiandaaje kiroho?", nimelisoma jana usiku usingizi ukakata kabisa. Kufunga, mkesha, toba, kukiombea kijiji kabla hujafika, hayo yote tunafundishwa na sina neno nayo. Mimi linaloniuma ni yule unayemwendea, umemwandalia nini?

Hapa Bagamoyo misheni unapita unaiona. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, makaburi ya wale wa mwanzo yapo pale pale, wengi walikufa vijana kwa malaria. Kwa hiyo kikundi chetu kabla ya kwenda misheni kijijini Miono tulianzia pale msalabani karibu na bahari, tukaomba tukalia.

Tulifunga siku tatu na ya tatu ndo ya safari, kiongozi akasema hakuna kufungua mpaka mkutano wa usiku uishe. Tukafika saa tisa hoi, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyeji wetu bibi mmoja Mwislamu, mjukuu wake ndo msharika, bibi mwenyewe alishasema wageni wote wafikie kwangu. Basi kumbe kachinja kuku wawili, na baadaye nikaja kuambiwa alikuwa nao watatu tu! Wali wa nazi, kisamvu, mkeka umetandikwa, maji ya kunawa yapo, sinia kaifunika kawa. Akaifunua. Kiongozi akasema asante bibi ila tumefunga. Bibi akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Wanangu, mmefunga na Ramadhani bado?" Wenzangu wakacheka, yeye hakucheka. Akarudisha ile kawa taratibu, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka tunaenda uwanjani. Mpaka leo naiona ile kawa.

Na sisi watu wa Pwani tunajua ukikataa chakula cha mtu unakuwa umemwambia nini, kwamba unamwogopa, unadhani kakuwekea kitu. Kabla jua halijazama kijiji kizima wanazo habari. Mkutanoni wakaja watoto watupu. Na Luka 10 tulikuwa tumeisoma kwenye mkesha, Yesu anawaambia kabisa wale wanafunzi sabini aliowatuma, mkikaribishwa kuleni mnachowekewa, tukaisoma tukaitikia amina!

Nilipoanza kuandika nilitaka niseme kufunga kabla ya misheni tuache. Sasa nimefika hapa nakumbuka Matendo 13, Antiokia walifunga wakaomba wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, ndo wakawaachia waende. Walifunga nyumbani. Kwa hiyo siwezi kusema tuache, na kusema kweli zile siku mbili za mwanzo ndo nilimsamehe dada yangu kitu ambacho nilikibeba miaka. Nasema fungeni, ila mwenye kisukari au vidonda vya tumbo asilazimishwe, na mkishapanda gari muwe mmeshafungua. Labda wengine wana sababu ya kuendelea hadi kule, sijui, ila mwenyeji aambiwe mapema kabla hajashika kisu.

Desemba tunaenda tena. Mimi nafunga Jumatano mpaka Ijumaa, Ijumaa magharibi nafungua kwa uji hapa hapa nyumbani, Jumamosi safari. Kama bibi yupo hai naanzia kwake kumwomba radhi, na akinitengea hata muhogo mkavu nakaa mkekani nakula.