Mkojo unaorudi kwenye figo: je, figo ya mtoto itakufa?

Swali: Daktari, ninaishi Tukuyu. Binti yangu wa miaka 3 ameugua homa kali mara mbili. Malaria haikuonekana, bali maambukizi ya mkojo. Alipopigwa picha Mbeya mjini tuliambiwa mkojo unarudi kwenye figo ya kushoto, daraja la tatu. Je, figo hiyo itakufa? Ni lazima apasuliwe?

Jibu: Pole sana, mama. Katika daraja hilo watoto wengi hawahitaji kupasuliwa, na kinachoiumiza zaidi figo ni bakteria wanaopandishwa na mkojo unaorudi, kwa sababu kila maambukizi yanayofika huko yanaweza kuacha kovu.

Mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hupita kwa mshazari ndani ya ukuta wa kibofu, ili kibofu kinapojaa au kinapojikaza, ukuta huo uuminye mrija na kuuziba, kama mpira wa kumwagilia maji unavyozibwa ukikanyagwa. Kwa baadhi ya watoto sehemu hiyo ya mshazari huwa fupi tangu kuzaliwa, hivyo haizibi sawasawa. Hakuna ulichokosea ukiwa mjamzito, wala si baridi ya Tukuyu iliyosababisha. Mtoto anavyokua sehemu hiyo hurefuka, na ndiyo maana wengi hupona wenyewe. Madaraja ni 5: katika la tatu mrija na chemba ya figo inayokusanya mkojo vimetanuka kidogo, ilhali katika la nne na la tano vimetanuka sana na mrija huweza kujipinda.

Jukumu lako kubwa ni homa. Akichemka, hasa bila kikohozi wala mafua, apimwe mkojo siku hiyo hiyo pamoja na malaria, kabla hajapewa antibiotiki yoyote ya duka la dawa. Msafishe kwa maji, mwache aanze kukojoa, kisha kinga mkojo wa katikati kwa kikopo cha maabara. Ukichukuliwa kwenye poti, bakteria wa ngozini huingia na majibu hupotosha. Omba pia mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, ili ijulikane ni dawa ipi inayowaua bakteria hao.

Daktari wake anaweza kumwandikia antibiotiki ya kipimo kidogo kila siku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watoto 607, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kurudi kwa maambukizi kwa takriban nusu, ingawa haikupunguza makovu, na bakteria waliojitokeza baadaye walikuwa sugu zaidi. Kwa maoni yangu inamfaa mtoto aliyekwisha kuugua mara mbili, mradi asirukishwe dozi.

Mvua ya kwenu na choo cha nje huwafanya watoto wabane mkojo usiku kucha, na kibofu kilichojaa kupita kiasi huongeza msukumo wa kurudi juu; mwekee poti ndani. Asipopata choo kikubwa vizuri, atibiwe, kwa maana kinyesi kilichokwama hukizuia kibofu kumaliza mkojo.

Upasuaji hufikiriwa iwapo maambukizi yanarudi licha ya dawa, au figo inaendelea kupata makovu. Apimwe shinikizo la damu kila mwaka, kwani figo yenye kovu huweza kulipandisha. Ikiwa ana ndugu wa tumbo moja wanaopata homa zisizoeleweka, mweleze daktari habari za binti huyu, kwa kuwa hali hii hutokea sana ndani ya familia moja.