Kinachomwanzisha Mtafiti na Kinachombakisha

Mpwapwa, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, na mtama tumeshauvuna ingawa si mwingi. Nimeusoma ujumbe wako kwamba fomu ya kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili inakutaka ueleze kinachokusukuma kufanya utafiti, na kwamba kila ulichoandika ulikifuta kwa sababu kilisikika kama hotuba. Ndipo ukaniuliza: mama, wale watafiti uliofanya nao kazi walisukumwa na nini hasa, ikiwa fedha zilikuwa kidogo na hakuna aliyewajua?

Nadhani ugumu wa swali hilo unatokana na kuchanganya mambo mawili, yaani kinachomwingiza mtu katika sayansi na kinachombakisha humo. Kinachomwingiza mara nyingi ni jambo la kawaida kabisa. Wapo walioingia kwa sababu alama zao za hesabu zilikuwa nzuri, wapo waliotaka udaktari wakakosa nafasi, na wapo waliobahatika kupata mwalimu mmoja aliyejua kufundisha. Hayo watu hawapendi kuyaandika kwenye fomu, lakini sioni aibu yake.

Kinachombakisha nilikiona kwenye utafiti wa mifugo, nilipokuwa fundi sanifu wa maabara. Ng'ombe wa Mpwapwa unawajua: damu yao ilichanganywa kutoka kwa zebu wa hapa nchini, Boran wa Afrika Mashariki, Sahiwal na Sindhi wa bara Hindi, pamoja na Ayrshire wa Uskoti, ili apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayehimili ukame wetu, na mwaka 1958 wakatambuliwa kuwa aina kamili. Sasa fikiria muda unaohitajika. Mtamba hupandwa akiwa na miaka miwili au mitatu, hubeba mimba miezi tisa, na akizaa jike utasubiri tena miaka kama hiyo kabla hujajua huyo naye anatoa maziwa kiasi gani. Anayeanza kuchagua madume akiwa kijana hustaafu akiwa ameona vizazi vichache tu.

Mtafiti mmoja, ambaye sitamtaja maana hakupenda kutajwa, alikuwa akimfuatilia ng'ombe mwekundu, mdogo wa umbo, ambaye mwezi wa Oktoba, majani yakiwa yamekwisha na wenzake wameshakatika maziwa, yeye aliendelea kukamuliwa. Alfajiri mtafiti huyo alifika mwenyewe zizini, akasubiri ndoo ining'inizwe kwenye mizani, akaisoma namba kwa sauti, kisha akanitaka na mimi niisome kabla haijaandikwa daftarini. Jioni alirudi tena. Siku ya maziwa kidogo alichangamka karibu sawa na siku ya maziwa mengi, jambo lililonishangaza mpaka nilipoelewa alichokuwa akikitafuta: alitaka kujua kama siri ilikuwa katika damu ya ng'ombe yule, au katika majani ya vichaka aliyokuwa akiyala wenzake wakiyapita, au katika unyonyeshaji wa ndama wake. Kila namba, ndogo kwa kubwa, ilimpunguzia dhana moja. Mtu wa namna hiyo humwambii apumzike.

Watu husema wanasayansi husukumwa na huruma kwa binadamu, na kwa wengine ni kweli. Mwaka 2016, watu walipougua na wengine kufa hapa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, wale waliopima mahindi ya kaya zilizoathirika walijua kwamba huenda kuna familia zinaendelea kula mahindi ya namna hiyohiyo. Msukumo huo una nguvu sana, ila ni wa wakati wa dharura. Dharura ikipita, yule anayeendelea kuchunguza ukungu wa punje mwaka baada ya mwaka lazima awe na sababu nyingine. Kuhusu sifa, wapo wanaozitamani, na ugomvi wa jina la nani litangulie kwenye chapisho nimeushuhudia. Hata huo humwahisha mtu kazini.

Upo pia ukaidi, ambao nauheshimu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa, lakini aliendelea kuuliza mpaka akamuuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea katika shule ya Mkwawa alikohamia baadaye, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia hadi leo wanabishana kuhusu jambo hilo, na Mpemba mwenyewe aliishia kwenye kazi ya wanyamapori.

Lakini kwa fani yako ya maji, ningependa uwafikirie zaidi waliopima kina cha maji katika visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma. Waliandika vipimo kwa miaka 55, wengi wao bila kujua vingekuja kuonyesha nini, na mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uingereza wakachapisha kilichokuwamo: kwamba maji yale ya ardhini hayajazwi na mvua za kila mwaka, bali hushuka kwa miaka mfululizo mpaka ije mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Sidhani kama mpimaji wa miaka ya mwanzo alisukumwa na jibu hilo. Nadhani hakutaka tu pawepo mwezi usio na namba.

Wewe swali unalo tangu kidato cha pili, uliponiuliza kwa nini maji ya kisima cha shule yana chumvi na ya kisima cha jirani hayana, ukajaza chupa za soda na kuzipanga dirishani mpaka baba yako akakosa pa kuweka redio. Liandike hilo, ueleze na ungependa kupima nini leo. Usiandike kwamba uliipenda sayansi tangu utotoni, kwa maana wakati huo ulipenda netiboli kuliko kitu chochote. Nitumie rasimu kabla hujaiwasilisha, na utujulishe siku ya mwisho ya maombi, kwa sababu baba yako anataka kujua nauli itahitajika lini.

Wako akupendaye,
Mama