Maswali na Majibu: Wasifu wa Kuombea Kazi ya Masoko

Swali: Nimemaliza diploma ya masoko, sijawahi kuajiriwa. Kwenye uzoefu niandike nini? (Binti, Makorora)

Jibu: Mwanangu, kutoajiriwa si kukosa uzoefu, na hili nimeshalijibu mara nyingi. Kama umeuza vitenge kwa oda za WhatsApp, hiyo ni kazi ya masoko. Andika uliuza nini, kwa nani, tangu lini hadi lini, wateja walianza wangapi wakafika wangapi. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nayo iandike kwa namna hiyo. “Nilisaidia shughuli za masoko” haimwambii mwajiri kitu. “Nilizungukia maduka 20 ya Ngamiani kila wiki, nikichukua oda za maziwa na kufuatilia madeni” inamwambia. Namba ziwe za kweli, maana kwenye usaili utaulizwa moja moja.

Swali: Steshenari wananiandikia sivii kwa shilingi 5,000. Kuna ubaya? (Kijana, Pongwe)

Jibu: Wakuchapie, sawa. Wakutungie, hapana! Maneno ni yale yale kwa kila mtu: mchapakazi, mwaminifu, najituma. Nimewahi kushika wasifu wa mwombaji wa kazi ya masoko ambao mstari wa juu kabisa unasema lengo lake ni kuwa mhasibu bora. Jina lilibadilishwa, lengo likabaki la mtu mwingine. Unaomba kazi ya kunadi bidhaa za watu. Nani akupe bidhaa yake ikiwa mwenyewe umeshindwa kujinadi?

Swali: Kurasa ngapi?

Jibu: Zisizidi mbili.

Swali: Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Lugha ya tangazo. Someni matangazo, jamani.

Swali: Niweke dini, hali ya ndoa na namba ya NIDA? (Mama wa mtoto mmoja, Muheza)

Jibu: Dada, vyote usiviweke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa dini, ndoa wala ujauzito, basi usiwape la kukupimia. Namba ya NIDA subiri mpaka ufike kwenye mkataba. Karatasi hizi hupita mikono mingi na matapeli wapo. Na anayekudai “hela ya fomu” kabla ya usaili, usimtumie hata shilingi.

Swali: Mjomba wangu anaweza kuwa mdhamini kwenye wasifu, yule wa kuulizwa habari zangu?

Jibu: Hapana. Weka msimamizi wako wa fildi au mwalimu aliyekufundisha, umpigie kwanza akubali, na uhakikishe namba unayoandika ndiyo anayoitumia sasa.