Shangazi, taya langu linanikosesha marafiki

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuoni, hapa Dodoma. Nina taya pana na nyusi zilizoshuka karibu na macho, na watu huniona nimenuna hata nikiwa sina neno na mtu. Mwenzangu wa kundi la masomo aliniuliza mbele ya wengine, "Mbona umevimba, tumekukosea nini?" nami nilikuwa nasoma tu. Tangu siku hiyo nakula saa nane, kantini ikishakuwa tupu. Natafuna ubani mgumu na kubana ulimi kwenye kaakaa kama video zinavyofundisha, na kila asubuhi najipiga picha nione kama uso unabadilika. Je, ukibadilika nitapata marafiki?*
*Sura ya Kazi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Sitakuambia kwamba sura si kitu, kwa sababu si kweli, na hilo umekwisha kulijua. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, wakakuta kwamba muda huo uliwatosha kuamua nani anaaminika na nani mkali. Waliopewa muda mrefu zaidi waliamua karibu vilevile, ila kwa kujiamini zaidi. Uso wenye nyusi za chini, hata ukiwa umetulia, hufanana kimaumbile na uso wa mtu aliyekasirika. Mwenzako alisoma mifupa yako akidhani anasoma moyo wako, na sidhani kama alikusudia kukuonea.

Lakini zingatia kwamba hao walikuwa wakihukumu picha za watu wasiowajua. Urafiki hupatikana kwa njia nyingine, tena isiyo na madoido. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1950 kuhusu nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, waliona kwamba urafiki ulishamiri zaidi kati ya wale ambao milango yao ilikaribiana, na kwamba wakazi wa chini waliokaa karibu na ngazi walijuana zaidi na watu wa ghorofani, kwa kuwa hao walipita mlangoni pao kila siku. Sasa wewe, ambaye ungeweza kukaa meza moja na watu walewale kila mchana mpaka wakauzoea uso wako, unakula saa nane! Hapo ndipo ninapoiona hasara yako, wala si kwenye taya.

Kuhusu ubani, acha. Katika umri wako mifupa ya uso imekwisha kukua, kwa hiyo utakachokuza ni msuli wa kutafunia, ambao ukifanyishwa kazi mno hunenepa na kulifanya taya lionekane pana zaidi, mbali na kukuumiza kiungo chake karibu na sikio. Wanaokufundisha kwenye video wanahitaji watazamaji, na kijana aliyeridhika na uso wake hatazami. Picha za asubuhi nazo hazikutendei haki, kwani simu ikiwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyoonekana mtu akisimama mita moja na nusu kutoka kwako. Kama meno hayakutani vizuri au taya linauma, hilo ni suala la daktari wa kinywa na meno, si la video.

Kesho nenda kantini wakati wenzako wanakwenda, na uwahi kusalimia wewe kabla hawajapata nafasi ya kuusoma uso wako. Huyo aliyekuuliza swali mjibu, hata kama amekwisha kusahau: mwambie ndivyo ulivyoumbwa, hukuwa na kinyongo naye, kisha muulize mmefikia wapi na kazi ya kundi. Usimtarajie awe rafiki kwa siku moja; rudi kwenye meza hiyohiyo muhula mzima. Na ikiwa hata kutoka chumbani kunakuwa mzigo, au usingizi umekupotea kwa kuuwaza uso, usingoje jibu jingine kutoka kwangu, bali nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii hii umweleze kama ulivyonieleza mimi.