Kwa nini wasifunge tu modemu kwenye friji ya kwantamu?

SWALI: Mhariri habari, nasikia kuunganisha kompyuta za kwantamu kwa faiba ni kazi ngumu, kwa sababu zenyewe zinaongea kwa maikrowevu na intaneti inapita kwenye faiba kwa mwanga. Sasa modemu yangu si inageuza umeme kuwa mwanga kutwa nzima? Shida iko wapi hapo?
Msomaji mbishi

JIBU: Ubishi wako una maana, ila modemu haigeuzi kitu bwana, inasoma. Inaangalia kama ni sifuri au moja halafu inatuma kopi yake kwa leza, na kopi ikififia njiani inaongezewa nguvu. Kwenye kwantamu ukichungulia tu umeshaharibu, na kopi haitoki, fizikia yenyewe imekataa. Kwa hiyo inabidi hali ileile ya fotoni moja (chembe ndogo kabisa ya mawimbi) ya maikrowevu, gigahezi kama 5, ihamie kwenye fotoni ya mwanga, terahezi karibu 200, yaani masafa yake yaruke kuwa makubwa mara 40,000 bila mtu kuichungulia.

Utasema basi maikrowevu yenyewe isafiri. Haifiki, kwa joto la kawaida la chumba waya wa gigahezi 5 una fotoni za joto zaidi ya elfu moja zinazopiga kelele, ndiyo maana chipu za kwantamu zinakaa kwenye friji kali kuliko baridi ya angani, sehemu ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa. Chuo cha ETH Zurich, Uswisi, waliunga friji mbili kwa bomba la mita 30 lililopozwa lote, heko zao, ila kilomita 100 nani atapoza? Mwanga hausumbuliwi na joto hilo, na ndani ya faiba nzuri nusu yake bado ipo baada ya kilomita 15.

Mageuzi yenyewe yanafanyika kwa kristali ya lithiamu niobeti, au kiwambo chembamba kinachotikiswa na maikrowevu na mwanga pia, na leza kali ndiyo inatoa nishati ya ule mruko. Mwaka 2018 watu wa Boulder, Marekani, walivusha asilimia 47 ya mawimbi, mimi nilishangilia mpaka nikasoma mstari wa pili, kelele zilizoongezeka zilikuwa sawa na fotoni 38, yaani unamsikiliza mmoja huku 38 wanapayuka. Mwaka 2022 huko Austria kelele zikashuka chini ya fotoni moja, ila leza iliwashwa kwa mapigo mafupi tu na kilichovuka hakikuzidi asilimia 15, maana ukiiacha leza iwake mfululizo inapasha moto friji ileile uliyohangaika kuipoza.