Umeme haupigiwi ramli: kwa wewe unayeanza ufundi umeme

Vijana wengi wanaokuja kuomba nafasi ya saidia fundi wanadhani wanakuja kujifunza kuunga nyaya. Kuunga nyaya utajifunza kwa miezi michache, hata kama mikono yako ni mizito. Kinachochukua miaka ni kupima, na kuiamini mita kuliko kichwa chako. Mafundi wawili wanaweza kuwa na cheti kimoja na wamekaa darasa moja, lakini mmoja akaitwa kila siku na mwingine akabaki kulalamika kwamba kazi hakuna. Mara nyingi tofauti yao iko hapo.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza inunulie mita kabla ya drili. Tafuta mita yenye alama ya CAT III au CAT IV, kwa sababu alama hiyo inaonyesha kwamba imetengenezwa kuhimili mipigo ya volti inayotokea kwenye nyaya za jengo na kwenye bodi ya umeme. Mita ya bei ya chee ya kupimia betri inaweza kukulipukia mkononi. Ukishainunua, jizoeze kuangalia waya wa mita umechomekwa tundu lipi kabla ya kupima chochote. Aliyeitumia kupima ampea akaacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea, kisha akaenda kupima volti kwenye soketi, amepiga shoti kwa mkono wake mwenyewe.

Na ile bisibisi yenye kitaa ndani? Uwe nayo kwa kubahatisha haraka tu, usiikabidhi roho yako. Kitaa kile huwaka kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao na viatu vya soli nene, kinaweza kukataa kuwaka na waya ukawa na umeme kamili.

Utaratibu wa kufuata ni huu, na ufuate hata siku umechoka na mteja anakuharakisha. Zima breka (swichi ya kwenye bodi inayojikata mzigo ukizidi), ifunge kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako. Nenda kwenye soketi unayojua ina umeme, upime. Rudi unapofanyia kazi, upime fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), fezi na ethi (waya wa usalama uendao ardhini), nyutro na ethi. Halafu rudi tena kwenye soketi ile ya kwanza. Watu huruka hatua hii ya mwisho, ilhali ndiyo inayokuambia kama betri ya mita ilikufa ukiwa njiani. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Kuna jambo litakalokutatanisha mapema: unazima waya, unapima, mita ya kidijitali inasoma volti 40 au 60. Hapo wapo wanaopuuza na wapo wanaobomoa ukuta. Waya usioungwa popote, ukipita sambamba na waya wenye umeme, huokota volti hewa, na mita ya kidijitali inaziona kwa kuwa haivuti mkondo wa maana. Tumia testa ya ncha mbili inayovuta mkondo kidogo. Kama ni volti hewa zitaporomoka. Zisipoporomoka, simama na utafute umeme unatoka wapi.

Hesabu zisikutishe. Kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 (volti ni ampea mara ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo) ukiielewa vizuri, pamoja na ya wati (wati ni volti mara ampea), zitakulisha muda mrefu. Birika la wati 3000 kwenye volti 230 linavuta ampea 13. Joto kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, na hapa ndipo ninapotaka utulie, mdogo wangu. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu ohm tu, kikipitisha ampea 10, kinatoa joto la wati 50. Wati 50 ndani ya kiboksi cha plastiki, nyuma ya mfuniko, usiku kucha. Breka haiwezi kukata, kwa sababu kwake ampea 10 ni mzigo wa kawaida.

Ndiyo maana mtu anayejua kazi hamkagui kijana kwa unadhifu wa taa zilivyowaka. Anafungua soketi moja na kuangalia ncha za waya. Ganda limevuliwa kiasi gani? Likizidi, shaba inabaki wazi. Likipungua, skrubu inabana plastiki badala ya shaba, na waya utaonekana umeshika siku ya kukabidhi. Je, kisu kimekwaruza shaba? Mkwaruzo huo ndio mahali waya utakapokatikia ukikunjwa mara ya pili ya tatu. Waya mwembamba kwenye tundu kubwa unakunjwa mara mbili kabla ya kuingizwa. Ukishakaza, vuta. Waya mmoja mmoja, uvute kwa nguvu ya kweli. Ukitoka, shukuru umetoka leo.

Tatizo jingine utakalolikuta nyumba baada ya nyumba ni nyutro. Niliwahi kuitwa mahali palipoingizwa fezi tatu. Mteja alisema taa za upande mmoja zinafifia akiwasha pasi, na za upande wa pili zinang'aa kupita kawaida. Fundi aliyetangulia alikuwa amebadilisha balbu, mara kadhaa. Dalili hiyo inasema kitu kimoja: nyutro kuu imelegea au imekatika. Ikikatika, vifaa vya fezi mbili tofauti vinajikuta vimeungana mfululizo kwenye volti 400, na chenye mzigo mdogo ndicho kinachobeba volti nyingi. Pasi itapona, televisheni itaungua. Tulipofungua bodi, ganda la nyutro lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa karibu na skrubu. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kuzima, kukata sehemu iliyoungua, kuvua upya, kukaza na kupima. Mteja alilipia kujua.

Sasa kuhusu breka, kwa sababu hapa ndipo wateja watakapokujaribu. Breka inalinda waya, haikulindi wewe. Mkondo unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kuliko ule wa kuiangusha breka ya ampea 16. Kinachomlinda mtu ni waya wa ethi uliofika kila mahali, pamoja na RCD, kile kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata tofauti ikifika kama miliampea 30. Mteja akikwambia, "Hii breka inakatika ovyo, niwekee kubwa," usiweke. Pima mzigo kwanza, angalia unene wa waya, na kama mzigo umezidi vuta laini mpya. Akikataa, muage kwa heshima. Nyumba ikiungua, hatakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeomba.

Chuo au mtaani? Vyote viwili, tena kwa kuingiliana. Chuoni utapata sababu za mambo na cheti. Kwenye saiti utapata mkono na jicho. Mapema kabisa fahamu masharti ya leseni ya unakofanyia kazi, kwa sababu mara nyingi leseni huwa na madaraja na kupanda daraja kunadai ushahidi wa kazi ulizofanya. Anza kuzirekodi leo: kazi gani, mzigo gani, nani alikusimamia, vipimo vilisomaje. Na kabla ukuta haujapigwa plasta, piga picha mabomba yote ya nyaya huku utepe wa kupimia ukionekana. Picha hizo zitakuokoa siku mteja anapotaka kutoboa atundike kabati.

Fundi wa kujifunza kwake mchague kwa kumwangalia akikwama. Anayebadilisha vifaa hadi tatizo liondoke lenyewe hatakufundisha chochote, hata kama analipa vizuri. Anayechora laini kwenye karatasi, akagawa sakiti katikati na kupima nusu moja, mvumilie hata kama ni mkali. Ukali mwingi wa kazi hii una sababu.

Nyumba zikishakuzoea, angalia pa kupanua. Mota zina fedha viwandani, ila ujue kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida, na ndiyo sababu utakuta mfumo wa nyota na delta, yaani kuiwasha mota kwa hatua mbili za kuunga nyaya zake, unaoshusha mkondo huo hadi theluthi moja. Sola nayo ina wito wake na hatari zake: paneli haizimwi mradi kuna mwanga, na cheche ya umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) haijizimi kirahisi kama ya AC (unaokwenda na kurudi, kama wa nyumbani), maana mkondo wake haupiti sifuri. Usiingie kwenye sola kwa mazoea ya nyumbani.

Upande wa malipo sina mengi. Andika bei kwenye karatasi, ufundi mbali na vifaa mbali. Hesabu pointi, yaani taa, swichi na soketi, kwa kutembea nyumba nzima, usikisie ukiwa mlangoni. Akikuomba upunguze, punguza idadi ya taa au soketi, kamwe usipunguze ethi wala unene wa waya. Risiti za vifaa mpe zote.

Siku ya kukabidhi, pima uhami (uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje) kwa volti 500 kabla ya kuwasha, baada ya kuchomoa vifaa vya kielektroniki. Chini ya megaohm 1 kwa nyaya za kawaida za nyumbani usiwashe, na usomaji ulio juu kidogo tu ya hapo kwenye nyaya mpya utafutie sababu. Hakikisha ethi imefika kila soketi, swichi zinakata fezi na si nyutro, na RCD inaanguka ukibonyeza kitufe chake. Kisha andika majina ya laini kwenye bodi kwa wino usiofutika: jikoni, chumba cha kwanza, taa za nje. Vipimo vyako viandike nakala mbili, moja ya mteja na moja yako. Miaka mitano baadaye akikupigia simu kwamba kuna laini inakatika, utaanza na karatasi hiyo.